Uzi, Sindano na Pete ya Mpira: Bawasiri Kutoka Roma Hadi Kibiti

Mwaka 1999 Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha habari za shanga chache za kioo zilizofukuliwa Mkukutu, karibu na Kibiti. Hoja yake ilikuwa kwamba shanga zile zilitoka katika dola la Warumi, na kwa hiyo watu wa mdomo wa mto Rufiji walikuwa wakifanya biashara na nchi za mbali karne nyingi kabla ya masultani wa Kioman kuhamia Zanzibar. Wengine humfuata mpaka kusema kwamba Rhapta, ule mji uliotajwa na mabaharia wa Kigiriki, ulikuwa pande hizi hizi. Mjadala huo una wenyewe. Kilichonivutia mimi ni jambo dogo la pembeni. Katika dola hilo hilo lililotoa shanga, enzi ya Kaisari Tiberio, mtu aitwaye Celsus aliandika kitabu cha tiba, na ndani yake akaeleza namna ya kukifunga kinundu cha bawasiri kwa uzi wa kitani, ukikazwa shingoni mwake hadi kikose damu, kinyauke na kudondoka chenyewe. Shanga zikafika Kibiti. Uzi haukufika, na siku ulipoletwa Tanzania ulikuwa umekwisha geuka pete ya mpira, tena ukaishia mjini.

Celsus naye alikuwa mrithi. Miaka mia nne hivi kabla yake, maandiko ya Kigiriki yanayobeba jina la Hippocrates yalikwisha kutaja uzi, ila yalipenda zaidi chuma cha moto. Mwandishi anaagiza viandaliwe vyuma vidogo saba au vinane, vichomwe mpaka viwe vyekundu, mgonjwa ashikwe kichwa na mikono asijitikise, lakini aachwe apige kelele kadiri atakavyo, kwa kuwa kule kupiga kelele husukuma utumbo nje na kumrahisishia mganga kazi. Kwa hiyo tangu mwanzo njia zilikuwa mbili: ya ukali, inayochoma na kukata, na ya upole, inayokinyima kinundu damu ikakiacha kife polepole. Historia yote ya tiba ya bawasiri ni mvutano wa njia hizo mbili, na mara nyingi ile ya ukali ndiyo iliyopewa heshima.

Ugonjwa wenyewe watu wengi hawauelewi, hata walio nao. Kila binadamu huzaliwa na vifuko laini vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, kwa kawaida vitatu, vinavyosaidia kuziba njia ili upepo na choo visitoke bila idhini. Jambo hilo lilikaa sawa vitabuni mwaka 1975 tu, pale daktari Mwingereza W. H. F. Thomson alipoonyesha kwamba bawasiri si mshipa uliooza wala nyama iliyoota; ni vifuko hivyo hivyo vya kawaida vilivyolegea kwenye mashikio yake, vikavimba na kuteremka. Madaktari huvipanga kwa madaraja manne. Kifuko cha daraja la kwanza hutoa damu tu. Cha pili hutoka nje wakati wa haja na kurudi chenyewe. Cha tatu hakirudi mpaka kisukumwe kwa kidole. Cha nne hakirudi kabisa. Na kuna mpaka mmoja ndani ya njia hiyo ambao ndio ufunguo wa kila tiba ya upole: juu ya mpaka huo mwili hausikii maumivu ya kuchomwa, chini yake unasikia kila kitu.

Sasa tuje deltani. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika mikondo mingi, na katikati ya mikondo hiyo umesimama msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, mkubwa kuliko yote nchini. Humo ndimo vilimo Mbwera, Msala, Maparoni, Kiongoroni, Saninga na Simba Uranga, vijiji ambavyo leo viko Wilaya ya Kibiti na ambavyo barabara yake ni maji. Walioandika historia ya delta hupenda kuanza na kuishia na manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha humu mwaka 1914 na kuzamishwa tarehe 11 Julai 1915. Ni kisa kitamu. Lakini kabla ya meli hiyo na baada yake, kazi ya delta ilikuwa boriti. Majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba yalikuja na kaskazi, yakapakia nguzo za mikoko za kuezekea nyumba za nchi isiyo na miti, yakaondoka na kusi. Boriti huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila moja ilipita begani mwa mtu. Alikata akiwa ndani ya tope la magotini, akabeba wakati maji yamekupwa, akapakia yalipojaa.

Mkata boriti yule alikuwa na sababu karibu zote ambazo vitabu vinazitaja: kunyanyua mizigo mizito huku pumzi imezuiwa tumboni, kushinda na kiu juani, choo kigumu. Mkewe alikuwa na mimba baada ya mimba, na mimba yenyewe ni sababu tosha. Hatuna daftari linalotuambia wangapi waliugua. Tunachojua ni kwamba ugonjwa huu pwani ulikuwa na jina na ulikuwa na dawa, na kitu kisichokuwapo hakitafutiwi dawa.

Dawa hizo zilitoka pande mbili. Upande mmoja ni tiba ya miti shamba ya Wandengereko, Warufiji na Wanyagatwa wa deltani: magome ya kuchemsha, majani ya kukandia, ukwaju wa kulainisha choo, beseni la maji ya uvuguvugu la kukalia. Upande wa pili ni elimu ya vitabu iliyokuja na majahazi. Katika elimu hiyo bawasiri ilikuwa na nafasi ya heshima. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake kikubwa cha upasuaji namna ya kufunga vinundu kwa uzi na namna ya kuvichoma. Musa bin Maymun, tabibu Myahudi wa Cairo enzi ya Sultani Salahuddin, aliandika risala nzima juu ya bawasiri kwa ajili ya kijana mmoja wa ukoo mkubwa. Shauri lake lilikuwa chakula kwanza, kulainisha choo, kukalia maji ya moto, na kuliogopa wembe, kwa sababu ukikiondoa kinundu na kukiacha kilichokileta, kitarudi. Alifariki mwaka 1204. Mpaka leo daktari mwenye busara akimpokea mgonjwa wa daraja la kwanza humwambia mambo hayo hayo, pengine bila kujua anamnukuu nani.

Rufiji ilikuwa na sifa ya dawa kuliko sehemu nyingi. Ni kutoka Ngarambe ambako Kinjikitile Ngwale alitoa maji yake, na mwaka 1905 Wajerumani wakamnyonga, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimewaka. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ilimtazama kila mganga wa bonde hili kwa jicho la polisi. Uganga haukufa. Ulijificha, na maradhi ya aibu yakajificha nao.

Wakati Rufiji ikiwa bado chini ya Sultani wa Zanzibar, njia ya upole ilikuwa inapata maisha mapya mbali sana na hapa. Mwaka 1869 John Morgan wa Dublin, Ireland, alijaribu kuchoma bawasiri sindano ya dawa yenye madini ya chuma. Miaka miwili baadaye, katika mji mdogo wa Clinton, jimbo la Illinois, Marekani, mtu aitwaye Mitchell alianza kuchoma vinundu sindano ya asidi ya kaboliki iliyochanganywa na mafuta ya zeituni. Kinundu kilisinyaa. Mitchell hakuandika katika jarida lolote. Aliifanya siri, akaiuza. Walionunua walikuwa matapeli wa kutembea, wakizunguka kutoka mji hadi mji na mikoba yao, wakitangaza kuponya bawasiri bila kisu, bila maumivu, bila kulala hospitali. Edmund Andrews, daktari wa upasuaji wa Chicago, ndiye aliyeifichua siri hiyo. Akakusanya habari za wagonjwa zaidi ya 3,000 waliochomwa, na ndani yake akakuta wengi waliopona, wachache waliokufa, na baadhi waliopata majipu ya ini na kuvuja damu kwingi. Hukumu yake ilikuwa kwamba dawa ni nzuri ila mikono ni mibaya. Punguza nguvu ya asidi, chagua mgonjwa, choma juu ya ule mpaka usiosikia maumivu. Ndivyo ilivyozaliwa sindano ya fenoli ya asilimia 5 katika mafuta ya lozi, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa tiba ya kawaida ya bawasiri ndogo katika kliniki za Waingereza.

Nimekieleza kisa hicho kwa urefu kwa kuwa yeyote aliyesimama stendi ya Mbagala Rangi Tatu akisubiri basi la Kibiti atamtambua Mitchell. Bado anatangaza. Tangazo lake liko kwenye nguzo ya umeme, limechapwa kwa wino wa rangi, na linasema bila upasuaji.

Waingereza wenyewe, walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walikuja na njia ya ukali iliyosafishwa. London walikuwa na hospitali maalumu ya maradhi ya njia ya haja kubwa, St Mark's, iliyoanzishwa na Frederick Salmon mwaka 1835. Mwandishi Charles Dickens alifanyiwa upasuaji wa fistula na Salmon huyo mwaka 1841. Katika hospitali hiyo, mwaka 1937, Milligan na Morgan pamoja na wenzao walichapisha upasuaji ambao mpaka leo ndio unaopimiwa mwingine wote: vinundu vitatu vinakatwa, kati yao panaachwa ngozi nzima ili njia isizibe, majeraha yanaachwa wazi yapone yenyewe. Unaponya kweli. Pia unauma kweli. Aliyefanyiwa hulikumbuka jina la siku alipokwenda haja mara ya kwanza, na hukaa wiki kadhaa bila kufanya kazi. Kwa mvuvi au mpakiaji, wiki kadhaa ni msimu.

Na upasuaji huo ulihitaji hospitali. Makao ya Wilaya ya Rufiji yalikuwa Utete, ng'ambo ya kusini ya mto, na kabla ya daraja mtu alivuka kwa pantoni ya Ndundu. Kutoka deltani mtu alipanda mtumbwi, akasubiri maji kujaa, akateremka, akatembea, akavuka. Yote hayo akiwa amekalia kidonda, juu ya ubao wa mtumbwi. Na mwisho wa safari amvulie nguo daktari ambaye huenda ni rika la mwanawe.

Hapo ndipo anapoingia mtu aliyeifanya bawasiri kuwa habari ya Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini mwenye jicho moja, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira kisha Mulago. Dunia inamjua kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, na kwa ile safari ya mwaka 1961 alipoendesha gari na wenzake wawili kutoka Kampala kuelekea kusini, akipita Tanganyika, kutafuta mpaka wa saratani hiyo hospitali kwa hospitali. Alirudi Uingereza mwaka 1966 na hoja mpya kichwani. Kwa nini, aliuliza, maradhi yanayojaza wodi za London hayamo katika wodi za vijijini Afrika? Akapeleka maswali kwa madaktari wa hospitali za misheni. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakatoa vipimo vya choo: mwanakijiji wa Uganda alitoa takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini mwake kwa saa 36 hivi, askari wa majini wa Uingereza alitoa gramu 104, na chakula kilichukua saa 83. Mwaka huo huo akaandika kwamba vimbe za mishipa miguuni, damu kuganda, na bawasiri ni maradhi ya chakula kilichokobolewa, na kwamba Mwafrika wa kijijini hana.

Burkitt namheshimu. Alikuwa mmoja wa wazungu wachache wa enzi yake waliosema chakula cha Mwafrika ni bora kuliko cha mzungu, akaonyesha na vipimo. Na juu ya nyuzinyuzi alikuwa karibu na ukweli: majaribio 7 yenye wagonjwa 378 kwa jumla, yaliyochambuliwa pamoja mwaka 2005, yalionyesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi hupunguza damu ya bawasiri kwa nusu hivi. Ila juu ya kutokuwapo kwa bawasiri kijijini, ushahidi wake ulikuwa madaftari ya hospitali, na daftari la hospitali humwandika aliyefika. Mwaka 1966 Maurice King na wenzake wa Chuo cha Makerere, Kampala hiyo hiyo alikotoka, walichapisha kitabu kikubwa juu ya tiba katika nchi maskini, na mojawapo ya mambo yaliyomo ni kwamba idadi ya wanaokuja kutibiwa hupungua kwa nusu kwa kila maili mbili hivi mtu anazokaa mbali na hospitali. Kutoka Kiongoroni hadi Utete ni nusu ngapi? Ongeza aibu. Ongeza kwamba Mrufiji hakuwa mla matoke na maharage aliyekuwa kichwani mwa Burkitt. Bonde hili ni la mpunga, na wali mweupe kwa samaki hauna nyuzinyuzi za kujivunia. Mtu wa hapa akionekana amepauka, wa kwanza kushtakiwa ni malaria, wa pili ni safura. Ni tabibu gani wa zahanati aliyewahi kumuuliza kama anatoa damu chooni?

Wakati Burkitt akipima vyoo, uzi wa Celsus ulikuwa umeshafufuka. Katika miaka ya 1950 Blaisdell wa Marekani alitengeneza chombo cha kufungia vinundu kliniki, mgonjwa akiwa macho. Mwaka 1963 James Barron wa hospitali ya Henry Ford, Detroit, alikiboresha na kukifanya kifyatue pete ndogo ya mpira. Bila nusukaputi, bila wodi, bila mshono. Chombo cha chuma kinachooshwa, kinachemshwa, kinatumika tena miaka na miaka, na pete ambazo bei yake ni ndogo. Ukiniuliza ni kifaa gani cha karne ya ishirini kilichofaa zaidi hospitali ya wilaya ya Tanganyika iliyokuwa imepata uhuru juzi, isiyo na umeme wa uhakika wala mtaalamu wa usingizi, nitakitaja hicho katika vitano vya kwanza.

Hakikuja. Nchi ilikuwa na mengine, na silaumu. Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya, serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, watu wakaondolewa kwenye madungu yao bondeni wakapandishwa miinukoni. Baada ya Azimio la Arusha na hasa katika miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya vilienea vijijini, na kazi yao ilikuwa kuokoa watoto na wazazi. Kila shilingi ilikuwa na mtoto anayeisubiri.

Kisha likaja jambo ambalo liliifanya Rufiji ijulikane na wataalamu wa afya duniani. Mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya kwa fedha za Kanada katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, uliuliza swali rahisi katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini: fedha za afya zinakwenda kwenye maradhi yanayoua watu, au kwingine? Kuanzia mwaka 1998 wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba, mara tatu kwa mwaka, katika eneo lenye watu zaidi ya 80,000 kaskazini ya mto, ikiwemo Kibiti, Bungu na Ikwiriri. Aliyezaliwa aliandikwa. Aliyehama aliandikwa. Aliyekufa, jamaa zake waliulizwa kwa utaratibu alivyougua, na chanzo cha kifo kikapangwa. Bajeti ikafuata hesabu: fedha zaidi kwa malaria, zaidi kwa watoto. Katika miaka mitano vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Ni moja ya kazi bora za afya zilizowahi kufanyika nchini, na Taasisi ya Afya Ifakara iliendelea kuhesabu hapo miaka mingi baadaye.

Lakini tazama namna hesabu ile ilivyoipita bawasiri, tena mara mbili. Iliandika vifo, na bawasiri haiui. Inamtesa mtu miaka ishirini, inampunguzia damu, inamwondoa kazini, kisha anakufa kwa kitu kingine na kitu hicho ndicho kinachoandikwa. Na wahesabuji walikuwa nchi kavu. Vijiji vya mikoko havikuwamo katika eneo lao. Wilaya iliyohesabiwa kuliko karibu zote Afrika Mashariki ilikuwa na watu wa aina mbili wasiohesabika, wa majini na wa maumivu yasiyoua.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, urefu wake mita 970, na pantoni ya Ndundu ikastaafu. Kibiti, iliyoko kilomita 140 hivi kutoka Dar es Salaam, ikawa safari ya asubuhi. Miaka michache baada ya 2010 ikawa wilaya yake yenyewe, ikakatwa kutoka Rufiji pamoja na vijiji vya delta. Barabara ilileta mabasi, na mabasi yakawachukua wagonjwa wenye nauli kwenda Muhimbili na hospitali binafsi za jijini. Ilileta pia matangazo ya nguzoni. Mwaka 2017 mfululizo wa mauaji hapa Kibiti uliwafanya watu waogope njia jua likizama. Aprili 2024 mafuriko yakarudi na kuwaondoa maelfu majumbani. Mgonjwa wa haja kubwa kila mara alikuwa wa mwisho kwenye foleni, na kwa kweli yeye mwenyewe hakupenda kuwa wa kwanza.

Huko duniani njia za upole zilikuwa zimeongezeka. Mwaka 1979 ulikuja mwanga wa infraredi wa kuchoma shina la kinundu kwa sekunde moja au mbili. Mwaka 1995 Morinaga wa Japani alitumia mawimbi ya Doppler kuisikiliza mishipa inayolisha vinundu na kuifunga mmoja mmoja. Mwaka 1998 Longo wa Italia alitangaza stepla inayovuta na kupandisha vyote pamoja. Ikafuata leza, na mwaka 2014 Wafaransa wakachapisha matokeo ya kuziba mishipa hiyo kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa ya damu. Ni ustadi mtupu. Ila mwaka 2016 Waingereza walitoa utafiti uliowalinganisha wagonjwa 372, nusu wakifungwa pete, nusu wakifungwa mishipa kwa Doppler. Baada ya mwaka mmoja dalili zilikuwa zimerudi kwa asilimia 49 ya waliofungwa pete na asilimia 30 ya wenzao; lakini wengi waliorudi walihitaji tu pete ya pili, na ukiihesabu hiyo kuwa sehemu ya tiba, tofauti ilikuwa ndogo, huku gharama ya Doppler ikiwa kubwa mno. Mwaka huo huo utafiti mwingine wa wagonjwa 777 ulionyesha kwamba stepla nayo haikuushinda upasuaji wa zamani kwa wale waliozidiwa. Kwa hiyo Barron bado anasimama. Kwa daraja la kwanza na la pili, na baadhi ya la tatu, pete ndiyo ya kuanzia.

Kazi yenyewe ni ndogo kuliko hofu yake. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja kifuani. Daktari hupitisha proktoskopu iliyopakwa jeli, bomba fupi lisilozidi kidole sana, huchomoa kizibo chake, na kinundu hujileta chenyewe kwenye mdomo wa bomba. Chombo cha kufungia kimevishwa pete mbili za mpira zilizotanuliwa. Koleo hupita katikati yake, hukamata kinundu kwa juu, hukivuta taratibu. Kabla ya kufyatua, mwenye kujua kazi husita.

"Mzee, unasikia kuchomwa, au unavutwa tu?"

"Navutwa tu, daktari."

Angejibu anachomwa, koleo lingeachia na kupanda juu zaidi, kuuvuka ule mpaka. Pete zinafyatuliwa. Dakika chache, na mgonjwa anavaa, anaambiwa anywe maji mengi, ale matunda, mboga za majani na dona, asijikamue chooni, asikae huko akichezea simu. Kati ya siku ya 5 na ya 10 kinundu hudondoka na choo, na matone ya damu siku hiyo si ajabu. Damu nyingi, homa, maumivu yanayozidi au mkojo kukataa kutoka si kawaida. Hapo hurudi hospitali siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu mkaa deltani asifungwe pete na kupandishwa boti jioni ile. Akae na jamaa Kibiti au Bungu mpaka kinundu kidondoke.

Hilo ndilo linalowezekana sasa hivi. Daktari wa hospitali ya wilaya anayefanya upasuaji wa uzazi hashindwi kujifunza chombo hiki, na chombo hakihitaji jokofu wala umeme zaidi ya taa. Utete kuna hospitali, Mchukwi kuna hospitali ya misheni, Kibiti yenyewe ni makao ya wilaya. Mganga mkuu wa wilaya anayepanga bajeti ya vifaa aviandike viwili hivyo, proktoskopu na chombo cha pete, na madiwani wa Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni wamuulize kama ameviandika.

Nawe unayesoma ukiwa na tatizo hili: usimpe mwenye tangazo la nguzoni mwili wako auchome kwa dawa asiyoitaja jina. Tangu mwaka 2002 nchi ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na mganga halali ana usajili, muombe akuonyeshe. Na usijitangazie mwenyewe kwamba damu ni bawasiri. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu ile ile, hasa kwa aliyepita miaka 40, aliyekonda bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika. Nenda ukapimwe kwa kidole na kwa proktoskopu. Huchukua muda mfupi kuliko kusubiri boti ya Nyamisati.